Kibali cha Kuvuka Mtaro

Watu wakinisikia nikimsifu mama mkwe wangu hudhani natania. Sitanii. Nimefanya kazi na Wazungu wa karanga, nimewaona mainjinia wakipima nchi kwa miwani yao ya miguu mitatu, nimeona matrekta yakiangusha msitu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Lakini sijamwona mtu aliyelivalia njuga jambo gumu kama mwanamke yule, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuniangalia usoni.

Hakuniangalia kwa sababu aliniheshimu. Mimi ni Mmakua, wazazi wangu walivuka Ruvuma wakaja kulima huku, nami nikaoa kwa Wamwera, upande wa Chunyu, kando ya barabara itokayo Ruangwa kwenda Nachingwea. Kule mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba niliijenga kwa mikono yangu, lakini uwanja, mihogo, ufuta na mikorosho michanga vyote vilikuwa vya ukoo wa mke wangu. Na mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, wala hawasemeshani uso kwa uso. Akitaka nipasue kuni, alikuwa anawaambia kuku wake kwa sauti, "Sijui leo nani atatupasulia kuni." Mimi niko nyuma ya nyumba, nasikia, nachukua shoka. Tuliishi hivyo kwa amani kabisa. Wako watu wanaosemeshana kutwa na hawaelewani hata nusu ya tulivyoelewana sisi.

Miaka ile nilikuwa napaka grisi matrekta katika kambi ya karanga. Magari makubwa yalipoongezeka, barabara ikapanuliwa, ikainuliwa, na pembeni yake mashine zikachimba mtaro wa kupitisha maji. Mtaro huo ulipita mbele ya nyumba yetu, wenye kina cha kumfika mtu mzima kiunoni, na kuta zake zilikuwa za udongo mwekundu unaoteleza. Kwa mtu anayetembea mwenyewe ulikuwa usumbufu tu. Kwa mke wangu ulikuwa jambo la kufa na kupona.

Mke wangu alikuwa amekwisha kupoteza watoto wawili. Wa kwanza alikufa uchungu ulipokawia kupita kiasi. Wa pili tulijitahidi. Tulimbeba mke wangu juu ya kitanda cha kamba kumpeleka barabarani, ambako gari la hospitali lilikuwa limekuja likasimama linatungoja. Mvua ilikuwa inanyesha. Tulipoingia mtaroni ukuta ukaporomoka, wabebaji wawili wakaanguka, kitanda kikalala upande, na mpaka tunamtoa mle mtoto alikuwa ameshazaliwa na hakulia. Sipendi kusimulia sana habari ile. Daktari wa Nachingwea alimchunguza baadaye akasema nyonga zake ni nyembamba, mimba ya tatu lazima afike hospitali mapema, tena bila kurushwarushwa. Tukafikiria kumpeleka akakae Nachingwea kungojea siku zake. Lakini uchungu wa mimba zote mbili ulikuja kabla ya mwezi wake, nani angejua aende lini? Zaidi ya hayo, hatukuwa na ndugu mjini wa kumlaza.

Basi mimba ya tatu ilipoonekana, mama mkwe aliwaambia kuku, "Safari hii gari litafika mlangoni."

Nikajifanya fundi. Nikakata magogo, nikayalaza juu ya mtaro, nikapiga udongo juu. Yalikaa mpaka nyapara wa barabara alipopita. Aliyang'oa yote. Nilimjia juu, nikamwita majina ambayo sitayaandika hapa, naye akaningoja nimalize. Akanionyesha jinsi maji yalivyokuwa yamezibwa nyuma ya magogo yangu na kuanza kuila barabara. "Bwana," akasema, "kama unataka njia ya gari kuingia barabara kuu, nenda ofisini Nachingwea ukaombe kibali. Ukipata, mimi mwenyewe nitakuja kusaidia." Nilikasirika zaidi, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Nikaenda. Karani alikuwa mtu wa bara, mwenye mashati meupe na haraka nyingi. Akaniuliza jina, akaniuliza kijiji, kisha akauliza mwenye ardhi ni nani.

"Mama mkwe wangu."

Akaweka kalamu chini. "We bwana, mwanamume mzima unakaa kwa mama mkwe?"

"Nakaa kwa mke wangu. Ardhi ni ya mama zao."

"Hakuna mwanamume katika ukoo huo?"

Nikamwambia yuko mjomba, ndiye msemaji wa ukoo. Nikarudi nyumbani, mjomba naye akasema yeye ni mlinzi tu, ardhi ni ya dada zake, mkubwa wao ndiye huyo mama mkwe. Nikarudi tena kwa karani na maneno hayo. Akashika kichwa. "Mlete huyo mama," akasema. "Mje wote wawili, msimame hapa mbele yangu, mseme neno moja."

Hakujua anachoomba. Mimi nilijua, nikatoka jasho.

Nilimweleza mke wangu, naye akamweleza mama yake. Nilitegemea atakataa. Asubuhi nilimkuta barabarani amejifunga kanga mpya, ameketi upande wa pili wa mtaro, amenipa mgongo. Tukapanda lori la mbao. Yeye alikaa mbele ya sehemu ya mizigo akitazama Nachingwea, mimi nikakaa nyuma nikitazama Ruangwa, na mbao zote zikiwa katikati yetu. Utingo alituuliza kama tumegombana.

Ofisini, mama mkwe alisimama mlangoni, kanga ameivuta mpaka puani, macho ameyaelekeza nje kwenye bendera. Mimi nikaenda kusimama kwenye kona, nikautazama ukuta. Ukutani palikuwa na ramani ya mito. Naijua mito ile mpaka leo.

Karani akatutazama. "Mna ugonjwa gani?"

"Ni heshima, bwana," nikaiambia ramani.

Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha sokoni, cha kuulizana bei ya ufuta. Mkalimani pale nilikuwa mimi peke yangu, na mimi siruhusiwi kumsemesha. Karani akauliza, mipaka ya shamba ni ipi? Nami nikasema kwa Kimwera, nikiuambia ukuta, kwamba kama angekuwapo mtu anayejua mipaka, huyu bwana angefurahi kuisikia. Mama mkwe akaiambia bendera mipaka yote, mti kwa mti, kijito kwa kijito, na nani alifyeka wapi kabla ya nani. Nikaitafsiri. Karani akacheka mwanzoni, kisha akaacha kucheka akaanza kuandika kwa kasi, maana alikuwa hajapata kusikia mtu anayeijua ardhi yake namna ile.

Mwisho akauliza, njia ni ya nini? Biashara? Hapo mama mkwe hakungoja tafsiri. Aligeuka, akaifunua kanga, akamtazama karani. Mimi nikazidi kujibana kwenye kona.

"Binti yangu ana mimba," akasema kwa Kiswahili chake. "Wawili wamekufa. Huyu sitaki afe. Nataka gali liingie, limchukue, liende. Balabala ni yenu, siiharibu. Mtu wenu aje anionyeshe mnavyotaka, nitafanya hivyo hivyo."

Hakulia wala hakubembeleza. Karani alisimama alipokuwa anamjibu, na ninamsifu kwa hilo. Akasema, "Mama, mtu atakuja."

Akaja kweli, msimamizi wa barabara, mtu mpole wa kaptura ya kaki, na nyapara wangu yule akiwa amebeba kamba ya kupimia. Watu wote wa nyumbani walitoka. Msimamizi aliangalia nilipokuwa nimeweka magogo, akatikisa kichwa. Pale barabara inateremka kilima na kupinda. "Gari likitoka hapa," akasema, "lori linaloteremka halitaliona mpaka yamegongana." Alipanda kilimani, akashuka, akamsimamisha nyapara na kitambaa chekundu huku na kule. Kazi yake ilinivutia, jinsi alivyorudia kupima mahali pamoja bila kuchoka. Hatimaye akasimama upande wa pili wa uwanja, nyuma ya jiko, penye mihogo iliyochoka na nyasi fupi. Kutoka pale barabara ilionekana imenyooka pande zote mbili.

"Hapa tu," akasema. "Kwingine siwezi kuwapa kibali."

Nikafurahi. Nikaruka mbele, nikasema kwa sauti, "Hapa pazuri sana, bwana! Hata mihogo yenyewe haifai, nitaing'oa leo leo!" Nikakanyagakanyaga nyasi kuonyesha udongo ulivyo mgumu.

Nilipogeuka niliwaona wanawake wote wameinamisha vichwa, na mke wangu ameshika nguzo ya jiko.

Mama mkwe akaja. Akapita mbele ya mjomba, akapita mbele ya msimamizi, akasimama mbele yangu, uso kwa uso. Nilijaribu kutazama chini, akanishika mkono.

"Mkwe wangu," akasema, "umesimama juu ya wanao."

Kwa desturi, mtoto aliyezaliwa bila kulia huzikwa na wanawake peke yao. Baba haonyeshwi mahali, haulizi, na wala haombolezi mbele za watu. Mara zote mbili niliambiwa tu, "Tumekwisha kuzika." Nilidhani wako mbali, msituni huko. Kumbe nilikuwa napita karibu nao kila nilipokwenda kuchukua maji ya kunawa. Nilitaka kuondoka pale na sikujua niiweke wapi miguu yangu, mbele au nyuma.

Msimamizi aliuliza kuna nini, mjomba akamwambia taratibu. Akavua kofia. Akaenda kupima tena upande wote, bila kuombwa, akarudi na uso wa huzuni. Hapakuwa na pengine. Ni pale au hakuna kibali. Mama mkwe, aliyeongea na bendera ya serikali bila kutetemeka, safari hii aliuachia mkono wangu. Alimtazama binti yake tu.

Mke wangu aliiacha nguzo ya jiko. Alikuwa ameanza kuwa mzito, akitembea huku ameshika mgongo. Akaja mpaka pale niliposimama.

"Ipite hapa," akasema.

Mama yake akamwuliza kwa Kimwera kama amefikiri.

"Nimefikiri. Hawa walikosa njia. Hawawezi kumnyima mwenzao."

Niliyemwoa nilidhani namjua. Siku ile nilimwona upya, na mpaka leo sijamaliza kumstaajabia.

Kesho yake wanawake walikwenda pale na unga wa mtama, wakaumwaga na kusema waliyoyasema. Sisi wanaume tulikaa barabarani pamoja na nyapara, aliyekuwa amekuja na sururu na akangoja bila kuuliza. Kibali kilipotoka kilitaka maji yapite chini. Nikaomba mapipa matupu ya mafuta kambini, nikayakata vitako, tukayalaza mtaroni yakifuatana, tukashindilia mawe na udongo. Msimamizi alikuja akapitisha lori lake juu kwenda na kurudi. Akampa mkono mama mkwe. Mama mkwe akamwambia, "Umetusumbua vizuri."

Yeye na mimi hatukusemeshana tena uso kwa uso. Siku iliyofuata aliwaambia kuku kwamba mawe ya kushoto yamelegea, nami nikaenda kuyakaza.

Uchungu ulikuja kabla ya mwezi wake, kama tulivyoogopa, asubuhi moja ya mvua. Nilipanda baiskeli mpaka kambini kwenye simu. Gari la hospitali lilinipitia kambini, nami nikaning'inia mlangoni mwake mpaka nyumbani, nalo lilikata kona, likapita juu ya mapipa, likapita nyuma ya jiko, likasimama mlangoni. Mke wangu alilazwa ndani bila hata kuinamishwa. Mama mkwe alipanda kumshika kichwa, mimi nikakaa mbele na dereva, tukaenda. Daktari alimpasua mchana ule. Mtoto wa kike. Alilia kwa nguvu mpaka mama mkwe, aliyekuwa amekaa mwisho wa baraza na mimi nikiwa mwisho mwingine, akacheka peke yake.

Waliporuhusiwa kurudi, gari lile lile lilituleta sote. Dereva akapunguza mwendo ili aingie kwetu. Mke wangu akagonga bati.

"Simama hapa hapa barabarani, baba."

"Mama, si ndiyo njia yenu hii mliyoihangaikia?"

"Ndiyo yetu."

Akashuka na mtoto. Kidonda kilikuwa bado kinamvuta, lakini alikataa kushikwa mkono. Akavuka mapipa kwa miguu, polepole, mpaka nyuma ya jiko. Hapakuwa na alama yoyote, matairi yalikuwa yamepasawazisha. Akasimama, akafunua kanga usoni mwa mtoto.

"Wasalimie wakubwa zako," akamwambia.

Nikaenda nikasimama karibu naye. Sasa nilijua pa kusimama, nikawalilia wote wawili mbele za watu.