Gia Niliyomfundisha Masanja

Siku yangu ya kwanza kazini, kiwanda cha minofu ya samaki pale Igogo kilikuwa bado kinanuka rangi mbichi. Ilikuwa miaka ya soko huria, na watu binafsi walikuwa wakifungua viwanda kando ya ziwa. Mkuu wa Magari alinitazama miguu kabla ya uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Soli nene hivyo, pedali utaisikiaje?"

Nikaenda kununua raba nyepesi, ndipo akanikabidhi lori.

Kazi ilikuwa kufuata sangara kwenye mialo, kule mitumbwi inakoshusha samaki, hadi upande wa Bunda, na kuwarudisha kwenye barafu. Tukirudi, Mkuu alitumbukiza kijiti kwenye tangi la dizeli mbele ya madereva wote, apime iliyobaki. Aliyerudi na kijiti kilicholowa zaidi alisifiwa. Aliyeonywa mara tatu aliteremshwa kwenye lori.

"Kila ukikanyaga breki," alituambia, "unatupa dizeli uliyokwisha kuichoma. Ukiona ng'ombe mbele, ondoa mguu sasa hivi. Watapita, nawe utapita."

Niliipenda kazi ile. Asubuhi ukungu ulifunika ziwa, mawe makubwa yakawa kama yanaelea, nami nilipita taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Upepo wa matairi niliupima kila siku. Kijiti changu kilikuwa kinalowa kuliko vyote.

Masanja, dereva mwenzangu na rafiki yangu wa Mirongo, alinicheka. "Wewe unaendesha lori au unalibembeleza?" Lakini alikuwa ameonywa mara mbili, na mkewe alikuwa mjamzito. Siku moja akaniita pembeni, bila kucheka.

"Kaka, nipe siri yako."

Nikampa ile niliyojivunia kuliko zote: mteremkoni, toa gia, acha lori fri, liteleze lenyewe. Nilikuwa nafanya hivyo, tena nikirudi na mzigo. Nilimwambia breki aziguse kidogo tu.

Wiki ile kijiti chake kililowa. Mkuu alimshika bega mbele yetu sote. Wiki iliyofuata lori lake, likiwa limejaa samaki na barafu, lilishika kasi kwenye mteremko karibu na daraja. Breki zilipata moto zikashindwa, na bila gia hapakuwa na kitu cha kulizuia. Masanja alifia palepale.

Msibani fundi mkuu wa kiwanda alikaa karibu nami. Alisema, bila kujua Masanja alijifunza kwa nani, "Walikuta gia iko fri. Na wala fri haiokoi dizeli. Gia ikiwa ndani na mguu umeondoka kwenye pedali, pampu inafunga dizeli. Ukiwa fri, injini inaendelea kunywa ili isizime."

Siku hiyohiyo nilimwambia mjane wake kwamba mimi ndiye niliyemfundisha.

"Jioni ile aliyosifiwa alikuja nyumbani anaringa, shemeji," akasema.

Mkuu naye nilimwambia. Aliacha kutumia kijiti. Mimi akaniachia lori, na nikaliendesha hadi kustaafu, gia ikiwa ndani kila mteremko.

Sasa binti yangu Neema ana gari la mseto, lenye injini ya petroli na mota ya umeme. Juzi alinipa niliendeshe kutoka Buswelu. Ziwa lilionekana kwa mbali, jeupe kama maziwa, na injini ilipozima yenyewe nilisikia ndege wakilia. Tulipoanza kushuka, mkono wangu mzee ukaenda wenyewe kwenye gia, kutafuta gia ndogo.

"Baba, usiweke N, hiyo ni fri. Ukiweka, betri haijazwi. Acha kwenye D, ondoa mguu tu. Ukihitaji breki, iguse mapema, taratibu. Ile nguvu inarudi kwenye betri."

Nikaondoa mguu. Gari likajizuia polepole, kama mtu aliyeshikwa bega. Kwenye kioo cha dashibodi alama ya betri ikapanda. Kile Mkuu alichosema tunakitupa, gari hili linakiokota.

"Baba, mbona unalia?"

Neema hakuwahi kusikia jina la Masanja nyumbani kwangu. Nikaegesha gari kando ya barabara, nikamwambia.