Beki Aliyechechemea

Hapa kwetu Pernik, mji wa makaa wa Bulgaria, kila mtu alimjua Ognyan mwana wa Stamen, beki wa kulia. Alianzia Romania, timu ikashuka daraja. Akaenda Kupro, kisha Hungaria, mwisho Poland. Kila alikokwenda alisajiliwa kuziba pengo la majeruhi, na majeruhi akipona, Ognyan anarudi benchi.

Baba yake, mchimba makaa mstaafu, hakuyajua hayo. Kwenye simu aliambiwa, "Nimepewa kitambaa cha unahodha, baba." Basi mzee akawa anatutambia mkahawani: "Nahodha! Wenu wako wapi?"

Vuli moja mzee alipanda basi hadi Poland bila kumtaarifu mwanawe, na kapu la jibini na chupa za pilipili za kusaga. Ognyan alikuwa akipasha misuli na wachezaji wa akiba aliposikia mtu akiita kwa Kibulgaria: "Ogi! Ogi wangu!"

Alikuwa baba yake. Alichofanya ni kushika kifundo cha mguu na kujibwaga kwenye majani.

"Nimeumia, baba! Kitambaa nimempa mwenzangu, ndiyo kwanza nilikuwa naingia!"

Nyumbani kwa Ognyan mzee akamkanda mguu kwa rakia, pombe yetu kali, akaufunga bandeji, akampikia supu. Kila Ognyan alipotaka kuinuka, alikemewa.

"Tulia wewe! Mguu wa mchezaji si wa kuchezea."

Ognyan aliitazama mikono ile, makaa yameganda kwenye mikunjo yake, ikimkanda mguu mzima usio na hata mkwaruzo. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku ya safari alimsindikiza mzee kituoni, akichechemea na kapu mkononi. Karibu na basi mzee akasimama.

"Mwanangu, bandeji nilifunga mguu wa kulia."

Ognyan akainamisha macho. Alikuwa akiburuta wa kushoto.

"Baba..."

"Nilijua tangu uwanjani. Ulianguka, na kocha wako hakugeuza hata shingo. Ndivyo anavyoanguka nahodha?"

"Sasa mbona ulinikanda siku zote hizo?"

"Ningefanya nini? Nimetoka mbali."

Mzee akapanda. Ognyan hakuweza hata kuinua mkono kumpungia.

Msimu ulipoisha hawakumwongezea mkataba. Akajaribu Malta, haikuwa, akarudi kwetu. Siku hizi anaichezea timu ya mtaa, daraja la tatu, na anaanza kila mechi. Mkahawani tukimchokoza mzee, "Nahodha hajambo?", hujibu, "Ni beki. Muulizeni mwenyewe."

Lakini mwenyewe haingii mkahawani. Hupita ng'ambo ya barabara, kola ameipandisha. Na siku za mechi, mzee akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja nyuma ya goli, Ognyan hurusha mipira ya pembeni na kukaba watu vizuri kabisa, ila upande ule hauangalii.