Mnyoo Mwenye Macho

Mama yangu hana subira na watu wasiojua samaki. Kwetu Lamu, birika la bafuni, lile tangi la chokaa la kuchotea maji kwa kata, huwa na samaki wake wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wao. Nilipomleta aishi nami Thornton Heath, huku Uingereza, alilitazama bomba la bafuni akauliza maji haya yanakaliwa na nani.

Jirani yetu ni nesi kutoka Kerala, kusini mwa India, na Jumapili huja kwetu kunywa chai. Jumapili moja alikuwa akizungumza na mamake kwa simu ya video. Bibi wa watu alikuwa amefura. Ndoo ya kisima chake ilikuwa imepanda na mnyoo mwekundu, mwembamba kama uzi, naye alikuwa ameshashika bakuli la unga wa klorini, tayari kuumwaga kisimani. Jirani akatuonyesha mnyoo huku amekunja uso.

Mama akaivuta simu hadi puani.

"Mnyoo gani huyo ana macho? Samaki huyo! Mwambie asitie dawa, atawaua wote!"

Jirani akagutuka. Akakumbuka wataalamu waliowahi kupita kijijini kwao wakiulizia kisamaki chekundu kinachoishi kwenye maji ya chini ya ardhi, ambacho huonekana tu kikipotea njia na kuingia kisimani, na ambacho sasa ni adimu mno. Watu waliwacheka. Akaanza kutafsiri, lakini Mama hakungoja.

"Weka bakuli chini, dada yangu! Weka!" alipiga kelele kwa Kiswahili, na bibi wa Kerala, asiyejua hata neno moja, akaliweka.

Nilimpenda Mama siku ile, jamani. Alitoa amri zote kutoka kwenye kiti cha jikoni: simu ya kule iegemezwe ukingoni mwa kisima ili naye aone, ndoo yenye samaki ishushwe polepole, isigonge ukuta. Kamba ikashuka, ikashuka, ikalegea.

"Haya, baba, nenda," Mama aliiambia simu. "Nenda kwenu ukapumzike."

Jirani alitafsiri hata hilo. Mimi nilicheka, kisha nikamgeukia Mama, maana tangu nimlete Uingereza sijamuuliza hata mara moja kama naye angependa kurudi.