Neno Moja Katika Kanuni ya Damu

Katika maabara ya hospitali walimwita Jicho, kwa heshima. Alikuwa mjane wa maneno machache, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameinama juu ya darubini ileile, akitazama damu za watu asiowajua sura. Nyumbani aliishi na mdogo wake, mshonaji wa sare za shule.

Hospitali ilipoleta programu ya kutafsiri vipimo vya damu, fundi wa kompyuta aliketi ubavuni mwake wiki tano. "Mama, ukiona hivi unafanyaje? Na ukiona vile?" Kila alichojibu kiliandikwa kuwa kanuni. Programu wakaibatiza Mshauri. Jibu lisilo na shaka lilikwenda moja kwa moja kwa daktari, na sentensi mbili za maelezo chini yake. Lenye shaka lilizuiwa mpaka Jicho aitazame damu mwenyewe. Kanuni moja ilisema hivi: mashine ya kupimia ikihisi chembe changa, zisizopevuka, au chembe nyeupe zikizidi kiwango, jibu lizuiwe.

Mwanzoni Mshauri alizuia majibu mengi kupita kiasi, na mengi yalikuwa ya mafua tu. Shingo ya Jicho ikawa haigeuki.

"Huyu Mshauri wako anashtuka hata kwa kivuli chake," mkuu wa maabara alimwambia. "Tumpunguzie woga kidogo."

Jicho aliletewa fomu ya mabadiliko akiwa amesimama, glavu moja bado mkononi. Akaipitia juu juu, akatia sahihi.

Kazi ikawa nyepesi. Ikifika saa nne asubuhi, hakuna kioo cha damu kilichobaki cha kutazama.

"Dada, siku hizi unarudi jua bado kali," mdogo wake alimtania akiwa kwenye cherehani. "Au wamekufukuza wakasahau kukwambia?"

Walicheka. Lakini usiku huo na uliofuata Jicho hakupata usingizi mzuri, na hakujua hasa kinachomsumbua. Alimuuliza mkuu kama wagonjwa wamepungua.

"Wameongezeka, mama. Kilichopungua ni shaka."

Jibu hilo halikumkaa vizuri. Alilibeba siku nzima kama kokoto ndani ya kiatu.

Wiki ya sita tangu atie sahihi ile, simu ya maabara ililia. Alikuwa daktari wa wodi ya wanaume. "Mama, nina fundi seremala hapa, fizi zinamtoka damu tangu jana. Majibu yenu mara mbili yameandika upungufu wa madini ya chuma. Nimempa vidonge, lakini naona anazidi kwisha."

Sampuli ya asubuhi ile ilikuwa bado kwenye friji. Jicho alipaka tone kwenye kioo, akaliacha likauke, akalitia rangi na kuinama juu ya darubini. Chembe nyeupe zilikuwa chache, ila karibu zote zilikuwa changa, kubwa, viini vimejaa pomoni. Aliifuta lenzi na kutazama tena. Ilikuwa saratani ya damu, na imeshaota mizizi.

Alimpigia daktari, kisha akamwita mkuu. Wakafungua kanuni kwenye kompyuta. Pale palipokuwa na "au" sasa palikuwa na "na". Mshauri alizuia jibu pale tu mambo yote mawili yalipokutana. Fundi seremala alikuwa na chembe changa, lakini chembe zake nyeupe hazikuzidi kiwango, basi akapitishwa.

Mkuu alitoa fomu kwenye faili. Neno "na" lilikuwemo humo, na chini yake sahihi ya Jicho.

"Hata mimi niliisoma," mkuu alisema taratibu. "Sikuliona neno hilo."

"Wangapi wamepita hivi?"

Mkuu aliiuliza kompyuta swali hilo. Walikuwa sitini na watatu, pamoja na seremala.

Waligawana orodha ya simu. Jicho hakujua aseme nini, akawa anasema, "Tunaomba urudi tupime tena," na watu waliuliza kwa nini. Hamsini na wawili walirudi. Hamsini na mmoja damu yao haikuwa na neno. Wa mwisho, mwalimu wa chekechea, alikuwa na ugonjwa uleule, ukiwa ndio kwanza unaanza. Akalazwa siku hiyohiyo.

Namba moja ilipokewa na mwanamke mwingine. "Huyo ni wifi yangu," alisema. "Tulimzika Jumamosi. Nyie ndio mliosema ni madini ya chuma?"

"Ndiyo," Jicho alisema. "Ni sisi."

Yule mwanamke hakutukana, hakulia. Aliuliza tu jina la aliyepima, akaambiwa, akakata.

Kanuni ilirudishwa. Mkuu alipewa barua ya onyo. Jicho naye akaomba yake, akapewa. Seremala alihamishiwa hospitali kubwa, na habari za mwisho zilisema anaweza kukaa kitandani na kula mwenyewe. Hakuna aliyejua zaidi ya hapo.

Zilibaki namba tisa ambazo hazikupokewa. Kila asubuhi, kabla hajavaa koti jeupe, Jicho hujifungia stoo na kuzipiga moja baada ya nyingine. Nane zimezimwa. Ya tisa huita mpaka ikatike, ila juzi mtu aliipokea. Jicho alieleza yote, polepole, mpaka mwisho. Upande wa pili alisikia pumzi za mtu, nzito, zenye kukwaruza. Kisha simu ikakatwa, kabla hajauliza kama ni mgonjwa mwenyewe.