Mkono wa Kushoto wa Guerschom

"Mzee, una miaka mingapi?"

Nilimuuliza Guerschom hivyo nikiwa na miaka tisa, kwa sababu mtaa wetu mzima wa Bwaise ulikuwa unauliza, ila si mbele yake. Alikuwa na ndevu. Alibeba magunia kwenye kinu cha unga, mawili kwa pamoja. Na bado alikuwa golikipa wa timu ya vijana wasiozidi miaka kumi na saba, ambayo kocha wake ni baba yangu, Ogutu. Alinikatia kipande cha muwa, akaenda zake.

Jina la Mzee alipewa na mashabiki wa timu nyingine. Akisimama golini walimpigia kelele, "Mzee, wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo," aliitikia, kwa adabu kabisa.

Shida ilikuwa karatasi yake ya ukimbizi. Ilisema ana kumi na tisa. Mama yake, Mama Pélagie, alisema ana kumi na tano. Timu moja tuliyoifunga ikalalamika, na ligi ikaamua apigwe picha ya eksirei ya mkono wa kushoto. Mifupa ikionyesha ni mtu mzima, timu anaiacha. Siku zile Guerschom alinyoa ndevu asubuhi na jioni, kana kwamba mashine ingepiga picha ya kidevu.

Kliniki tulikwenda wanne: yeye, mama yake, baba na mimi, ambaye sikualikwa. Mpiga picha, dada mmoja aitwaye Lanyero, aliibandika picha kwenye kioo chenye taa.

"Mnaona huu mstari mweusi hapa, karibu na kifundo cha mkono? Hapo bado si mfupa. Ni gegedu, laini kama ncha ya pua. Seli zake zinajipanga, zinavimba, halafu nyingi zinakufa. Mishipa ya damu inaingia palipobaki wazi, na seli za kujenga mfupa zinaingia pamoja nayo. Zinajenga juu ya mabaki ya zile zilizotangulia. Mtu akimaliza kukua, mstari unapotea."

"Na huyu?" baba akauliza.

"Huyu mafundi bado wako saiti."

"Banange! Kumi na tano!" baba akashangilia.

"Kocha, picha haijui tarehe ya kuzaliwa. Inasema tu mtoto bado anakua."

Mama Pélagie hakufurahi hata kidogo. "Mi njo nilimuzaa. Siku ile hii picha yenu ilikuwa wapi?"

Guerschom alikuwa bado anautazama ule mstari. "Mama, sasa ile kumi na tisa ilitoka wapi?"

"Mpakani. Karani aliuliza mtoto wangu alizaliwa lini. Kwetu ukiulizwa watoto unaanza na wa kwanza. Nikamtajia wa kwanza."

"Wa kwanza si mimi?"

"Wa kwanza ni Mushagalusa. Aliishi miezi minane. Wewe ulikuja nyuma. Karani aliona mvulana mmoja tu mbele yake, akaandika."

Guerschom hakuwahi kulisikia jina hilo. Alimwomba mama yake alirudie, akalirudia. Lanyero akazima taa ya kioo.

Ligi ilimkubali. Mwenye kinu naye, aliposikia kwamba amekuwa akimbebesha mtoto magunia mawili, alimfukuza kazi siku hiyo hiyo. Ikabidi Guerschom arudi shule, akakaa dawati moja na wavulana wasio na ndevu. Karatasi tu ndiyo hakuigusa. Kila baba alipomwambia aende akairekebishe, alisema ataenda.

Miaka sita imepita. Mimi niko Senior Three, na muhula huu tumesoma habari za mifupa. Mwalimu anasema siku hizi watafiti wameona kwamba si seli zote za gegedu zinazokufa. Baadhi zinabaki na kugeuka zenyewe kuwa za kujenga mfupa. Sikuweza kukaa na habari hiyo peke yangu. Nilimpelekea Guerschom, ambaye sasa amerudi kinuni, safari hii kama mpimaji wa unga. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niirudie ile sehemu ya zinazobaki. Nikairudia. Halafu nikamuuliza lile swali langu la zamani.

"Karatasi inasema ishirini na tano," akasema.

"Sijauliza karatasi."

Akafunga mdomo wa gunia kwanza.

"Ishirini na moja, kadogo. Ile minne ya juu ni ya Mushagalusa. Namshikia tu."