Nilivyoishinda Baridi ya Mbeya

Kazi yangu ni kutengeneza friji, na kazi hiyo naifanyia Mbeya. Cheka tu, wengi wameshacheka kabla yako. Mji ambao mwezi wa saba maziwa yanalala mezani na kuamka salama, mimi nikafungua kibanda Ilomba nikakaa kusubiri wateja wa ubaridi. Watoto wamesoma kwa kazi hiyo, siilaumu. Lakini imeniachia ugonjwa mmoja: siwezi kusikia mtu anasema "baridi" bila kutaka kujua ni nyuzi ngapi.

Mama yangu anaishi Kilolo, mkoani Iringa, peke yake tangu baba afariki, katika nyumba ambayo ukungu unaingia bila kupiga hodi. Mwaka juzi aliteleza akitoka kisimani, akalala wiki kadhaa akiuguza nyonga, na mimi nikapata habari majirani walipokuwa wamemaliza kumhudumia. Tangu hapo nilitaka jambo moja tu, aje kuishi kwangu. Chumba ninacho. Maji ya bomba yapo. Mke wangu ni Mnyakyusa asiyeogopa mama mkwe wala mtu mwingine yeyote. Na watu walikuwa hawaachi kuniuliza, kanisani, dukani, hata mteja aliyeniletea friza lake la samaki: "Hivi bado umemwacha mama peke yake kule?" Nilikuwa najibu huku nimeinama, najifanya natafuta bisibisi.

Kila nilipompigia simu mama kumsihi, alinijibu kitu kile kile.

"Huko kwenu baridi, baba. Nilishaionja."

Aliionja mara moja. Alikuja katikati ya Julai kwa ajili ya kipaimara cha binti yetu, akakaa wiki moja na kidogo, na siku yenyewe alikaa kanisani amejifunga vitenge viwili juu ya sweta, na juu ya vyote hivyo koti langu la kazini linalonuka gesi. Tangu hapo tarehe ile ikawa ndiyo hoja yake. "Unaikumbuka siku ya kipaimara? Mimi nilijua nakufa." Nikimwambia aje Desemba, anasema Desemba watu wako shambani. Nikimwambia Septemba, anasema baridi ya Julai inabaki ukutani. Ilikuwa baridi ya aina yake, haikuwa na mwezi wa kuondoka.

Mtu mwenye akili timamu angeelewa hapo. Mimi nikaenda kutafuta takwimu.

Kuna mtandao mmoja unaoweka kumbukumbu za hali ya hewa za miaka ya nyuma. Unaandika jina la mji, unachagua tarehe, basi unaletewa tarehe hiyo hiyo mwaka baada ya mwaka: joto la mchana, baridi ya alfajiri, mvua, upepo. Nikaandika Mbeya, nikachagua siku ya kipaimara, na furaha niliyoipata siku hiyo sijui kama niliipata hata siku ya harusi yangu. Miaka mingine ilikuwa mitupu, utadhani siku hiyo Mbeya haikuwa na hewa kabisa, lakini iliyobaki ilinitosha. Nikajua mwaka upi upepo ulivuma, mwaka upi yalidondoka manyunyu yasiyo na adabu katikati ya kiangazi, na mwaka upi alfajiri ilikuwa kali hadi nikaona fahari kwa niaba ya mji mzima. Mwaka wa kipaimara je? Siku ya kawaida. Ya kawaida kabisa! Mama alikuwa ameganda katika siku ambayo hata sisi wenyewe tusingeitaja.

Nikaanza kuhubiri nyumbani. Mke wangu alikuwa akiniambia, "Kula kwanza, baba," nami namwonyesha simu huku tonge liko mkononi. Binti yangu aliishia kuzijua zile namba kwa kichwa, na si kwa kupenda.

Shida ilikuja kwenye kulinganisha. Kilolo haimo kwenye mtandao ule. Nikaweka Iringa mjini, na Iringa, kwa hasira yangu, ikatokea kuwa na joto kutushinda karibu kila mwaka. Fundi mwaminifu angekubali yaishe. Mimi nikaamua kwamba Iringa mjini si Kilolo, jambo ambalo ni kweli, na kwamba Kilolo lazima ipoe zaidi ya Mbeya, jambo ambalo ningelipima mwenyewe. Nikasubiri Julai ifike, nikafunga kibanda, nikapanda basi mpaka Iringa, nikabadilisha gari, nikafika kwa mama saa za mchana na kipimajoto changu mfukoni. Sukari na sabuni ambavyo mke wangu alivifunga kwa ajili ya mama nilivisahau mezani.

Nilimkuta jikoni, amekaa karibu na moto anamenya njegere. Alikuwa amevaa sweta, kitenge, na blanketi mabegani. Moyo wangu ukaruka kwa furaha kuliona lile blanketi.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Kamwene. Karibu ukae." Akanitazama ninavyokining'iniza kile kidude kwenye msumari wa mlango. "Hicho nini?"

"Kipimajoto."

"Nani anaumwa?"

Nikamwambia hakuna anayeumwa, asubiri kidogo. Nikakaa kwenye kigoda nikampa somo. Nikamwonyesha tarehe ya kipaimara kwenye simu, mwaka baada ya mwaka, nikamsomea mmoja mmoja kama mzee wa kanisa anayesoma matangazo. Nikaeleza maana ya wastani. Nikainuka kusoma kipimajoto, nikarudi na ushahidi: hapa kwake, mchana huu, kulikuwa na baridi kuliko mchana wa siku ile kwetu. Sikutaja Iringa mjini.  Vidole vya mama viliendelea na njegere.

"Kwa hiyo Mbeya hakuna baridi," akasema nilipomaliza.

"Siyo kushinda hapa, mama. Umeona mwenyewe."

"Nimeona."

Nilikuwa nimeshinda. Naikumbuka vizuri raha ya dakika ile, maana ilikuwa fupi. Tayari nilikuwa nawaza godoro lake litakaa upande gani wa chumba. Mama akasukuma kuni ndani, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Basi ngoja nikuambie, baba. Kwako sipapendi."

Nilidhani sijasikia. Akaendelea taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mkeo ni mtu mwema, simsemi. Wajukuu nawapenda. Lakini pale nikishika ufagio, dada wa kazi ananinyang'anya. Nikitaka kutoka, geti lina kufuli. Naamka nakaa kwenye kochi nasubiri kuambiwa chai tayari. Muda wote ule sikumpikia mtu hata uji. Hapa mtu akipita barabarani ananisalimia, ananiuliza mbegu, tunagombana kuhusu mbuzi wake. Kule kwako nilikuwa nalala mapema ili siku iishe."

"Sasa kwa nini hukusema, mama?"

"Ningeanzia wapi kumwambia mwanangu kwamba kwake sipapendi? Nikasema baridi. Nilikupa baridi ili na wewe upate cha kuwaambia watu. Wewe ukaja na simu."

Iliniuma, sitaki kuipamba. Iliniuma zaidi kwa sababu hakuwa amekasirika. Mwanamke huyu alikuwa ametunza heshima yangu muda wote huo kwa neno moja dogo, na mimi, mtaalamu wa nyuzi, nikakaa nikalibomoa kwa bidii, hadi akakosa pa kujificha. Nikatafuta la kusema, nikaokota lile la kisima: je, akianguka tena?

"Kama unaogopa kisima, lete bomba hapa," akasema. "Mbona unataka mimi ndiyo nilifuate bomba?"

Hilo nalo sikuwahi kulifikiria. Nimewavutia watu wangapi mipira ya gesi na ya maji, sijui, na kwa mama yangu mwenyewe nilikuja na kipimajoto.

Kabla sijajibu, simu ikaita. Alikuwa mke wangu. Simu yangu haisikiki mpaka niiweke kwenye spika, kwa hiyo sote jikoni tukamsikia.

"Mmefika wapi? Mama amekubali? Nitandike kitanda?"

Nikamtazama mama. Alikuwa ameinamia njegere zake.

"Hawezi," nikasema. "Anasema huko baridi imezidi."

Nikamsikia binti yangu kwa nyuma, "Lakini baba si ulisema ile siku ilikuwa ya kawaida? Si ulitusomea?"

"Hizo namba zinapimwa uwanja wa ndege," nikasema kwa ukali. "Siyo za Ilomba. Ilomba baridi yake ni nyingine. Tena kwa mtu mzima mwenye kifua chake, haifai kabisa."

"Kifua?" mke wangu akauliza. "Mama ana kifua?"

Mama akaweka sahani ya njegere chini, akavuta kigoda hadi kwenye simu, akakohoa mara mbili, kwa nguvu. Nimekaa na mafundi wanaovuta sigara miaka mingi, kifua kibovu nakijua. Kile kilikuwa kizima kabisa.