Jani la Kupe Limeingia Ukurasa wa Tumbo

Mwangaluka wanangu. Jina langu mlifiche. Miaka siijui vizuri, labda sabini na kitu, mama alisema nilizaliwa mwaka wa njaa, sasa njaa zilikuwa nyingi. Niko Bariadi. Kusoma sijui, ananiandikia mwalimu mpangaji wangu, katokea Tanga huko, mpole sana ila michembe, viazi vyetu vya kukausha, hali.

Mimi na mjukuu wangu tuna kaofisi ka kutoa vitabu. Chumba kimoja, kompyuta, na printa inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Mimi nasema, yeye anachapa, anapanga kurasa, anatengeneza jalada. Tulianza na hadithi za fisi, watu wakacheka wakanunua. Safari hii tukatoa cha majani ya dawa, maana marehemu mama aliyajua yote akanifundisha.

Sasa kazi yetu iko hivi. Maneno ananisomea, nasema sawa. Picha ananionyesha siku nyingine: hili la tumbo, hili la kuogeshea ng'ombe kuua kupe, sawa. Vyote pamoja hatujawahi. Kumbe picha zimebadilishana!

Juzi kaja mama mmoja wa Kasoli, kafungua kitabu. "Mayu, hili la tumbo la mtoto nachemsha au naponda?" Nikaangalia kidole chake. Kiko juu ya jani la kupe. Hilo ukimnywesha mtoto, unamzika. Nikamnyang'anya kitabu, nikadanganya kimekosa kurasa.

Mjukuu akasema, "Bibi, nyamaza. Nitarekebisha tutoe kingine."

"Na vilivyouzwa mnadani? Vimefika mpaka Shishiyu!"

"Bibi, unajua watakuitaje?"

Najua. Macho yangu mekundu, ni moshi wa kuni tu, lakini huku kwetu kikongwe wa macho mekundu anaitwa mchawi. Rafiki yangu tuliyekuwa tunachuma naye pamba alikatwa mapanga kwa sababu mtoto wa jirani alipata homa. Mimi nikisema kitabu changu kina sumu, nani ataamini ni bahati mbaya? Mtoto akilia huko nje, natoka kuuliza kanyweshwa nini.

Jalada ni la njano, lina chungu chekundu. Mwalimu kaacha kuandika, anasema, "Bibi, ukitaja jalada watakujua." Andika mwanangu. La njano, chungu chekundu. Ukurasa wa tumbo uchaneni, msimchemshie mtoto.

Haya, mmeshanijua. Jumamosi ni mnada. Nishaurini wanangu: nikasimame pale niseme kwa mdomo wangu, au nikimbie kabla hawajaja?